Pamba ya Mavyaa

Sindano zangu za kwanza za kufumia zilikuwa spoku mbili za baiskeli. Zilitoka kwenye gurudumu la mume wangu, lililopinda siku alipoanguka katika mteremko wa Kwale, na mimi nikazisugua kwenye jiwe hata zikapata ncha. Mwenye kucheka na acheke. Kwa spoku zile nimefuma fulana, kofia, soksi za watoto wachanga, na sweta moja ambayo huku Mwabungo haikuvaliwa ila siku ya homa. Sikuuza hata kitu kimoja. Nilifuma kwa sababu napenda, na miaka ile ya hamsini mwanamke akisema afanya jambo kwa kupenda tu, si kwa ajili ya mume wala ya jungu, watu humtazama kwa jicho la upande. Mimi nalisema. Nilipenda, na hata leo napenda.

Kufuma nilifundishwa kule juu, Kwale, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Mume wangu alikuwa tarishi katika ofisi za serikali, nasi tulipanga chumba nyuma ya nyumba ya karani mmoja wa bara. Kwale kuna ukungu, na masika ya mwaka ule nilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Mke wa karani akanionea huruma. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na lugha yake mimi siijui, basi alinikalisha karibu naye akanionyesha kwa vidole: kitanzi huku, uzi huku, vuta, pitisha. Kitanzi kikiniponyoka alinipiga kofi dogo la mkono, akacheka. Alinigawia sufu yake, na hiyo ndiyo niliyofumia sweta ya mume wangu, mkono mmoja mrefu kuliko mwenziwe. Aliivaa hivyo hivyo kazini, Mungu amlipe.

Baba mkwe alipofariki, mamake mume wangu akabaki peke yake Mwabungo. Mume wangu akasema nishuke nikae na mavyaa. Yeye atabaki kazini Kwale na atateremka kila Jumamosi kwa baiskeli yake. Nilishuka na kikapu cha nguo na spoku zangu mbili, na moyo mzito. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mavyaa wangu ana ulimi.

Na kweli alikuwa nao. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mgongo umenyooka. Siku ya pili aliniona nimekaa barazani nafuma, akasimama mbele yangu na ungo wake mkononi.

"Hicho ni nini, mwanangu?"

"Sweta, Mama."

"Ya nani?"

"Bado sijajua."

Akatazama jua, akatazama minazi, akanitazama mimi. "Humu Mwabungo wamfumia nani sweta? Samaki?"

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilikwenda ndani nikalia kidogo, kisha nikarudi pale pale nikaendelea kufuma, makusudi. Yeye naye akakaa upande wa pili akapepeta mpunga wake. Hatukusemezana mpaka adhuhuri. Baadaye nilikuja kujua kwamba kukaidi kule ndiko kulikomfanya anipende, maana hata yeye alikuwa hivyo.

Sufu ikaisha. Dukani Ukunda palikuwa na uzi wa kushonea tu, ule mwembamba wa kigurudumu. Nikawa nafuma, nafumua, nafuma tena uzi ule ule hata ukaanza kutoa manyoya. Mavyaa aliniona nikifumua mara ya tatu, uvumilivu ukamwishia.

"Kwani wewe hujui kusokota?"

Sikujua. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, palipokuwa na mipamba yake mitatu mirefu kunizidi. Wakati wa uhai wa mumewe alikuwa akisokota uzi wa kushonea nyavu, na tangu mumewe afe hakuwa amesokota hata utambi wa taa. Siku ile alinifundisha kila kitu: kuchambua pamba na kutoa mbegu kwa vidole, kuivutavuta mpaka iwe laini, halafu kuizungusha kwa kijiti kilichotiwa kigae cha chungu chini ili kiwe kizito. Nilikuwa nikisimama simama kutazama jungu langu jikoni. Akanikemea, "Keti! Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Na uzi wangu ukawa mara mnene kama mkia wa panya, mara unakatika. "Usikaze," akaniambia. "Uzi ukikazwa sana haumsikii tena mtu."

Basi hiyo ikawa raha yangu. Asubuhi shamba, maji, jungu. Adhuhuri nikisha kuswali, nasokota au nafuma barazani mpaka jua linapopoa. Nilikuwa na tabia ya kuimba nikisokota, si wimbo hasa, sauti tu, bila kujijua. Mavyaa alikuwa akikaa mlangoni na kunikosoa. Nikinyamaza, huuliza, "Umelala?"

Chumbani mwake palikuwa na kasha la mbao alimoweka sanda yake. Wazee wetu wengi walikuwa hivyo, mtu hujitayarishia mwenyewe asije akawasumbua watu. Siku moja alinifungulia akanionyesha: bafta nyeupe iliyokunjwa, kafuri, udi, kichupa cha marashi, na mfuko wa kitambaa uliojaa pamba nyeupe isiyokuwa na hata punje moja ya taka. Ilikuwa pamba ya mipamba yake mwenyewe, aliyoichambua kwa mkono wake.

"Wasia wangu ni mmoja," akasema. "Nitakapokufa sitaki pamba ya dukani wala ya kuomba kwa jirani. Pamba yangu mimi, ya udongo huu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilisikia, lakini sikuelewa. Wazazi wangu walikuwa hai, na wanawake vijana hawakuwa wakiingizwa chumba cha kuoshea maiti. Mimi nilidhani pamba ile ni ya kusokotwa uzi wa kushonea sanda, na kwamba mikono yake tu ndiyo imechoka. Sikuuliza. Kuuliza si ujinga, tumeambiwa tangu utotoni, lakini mimi nilijiona najua.

Mwaka uliofuata nikabeba mimba. Furaha yangu ilikuwa kubwa, na mara ya kwanza nikashika sindano kwa ajili ya mtoto wangu mwenyewe. Mavyaa akaninyang'anya spoku mkononi.

"Toba! Wa tumboni hafumiwi. Ngoja umwone."

Watoto wa jirani nilikuwa nimewafumia kofia, soksi, fulana, nusu ya Mwabungo wamevaa kazi yangu. Wangu mimi hakuwa na hata kitambaa. Niliona ni mambo ya kizamani, lakini nilimtii.

Mtoto alikuja mwezi wa saba wa mimba, masika yamekaza. Mume wangu yuko Kwale, mto umefura, na njia ya kwenda Msambweni hospitalini haipitiki kwa maji. Tulikuwa na bibi mmoja jirani, rafiki wa mavyaa tangu usichana wao, ambaye ndiye aliyekuwa akizalisha wanawake mtaani petu na ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake. Alimtoa mtoto, wa kike, akamshika kwa kiganja kimoja. Mtoto hakulia. Alifanya kisauti kidogo tu, na miguu yake ilikuwa ya baridi.

"Huyu baridi itamchukua kabla ya jioni," akasema bibi mkunga. "Nipeni pamba. Nyingi. Sasa hivi."

Pamba hakuna. Msimu ulikuwa umepita tangu zamani, mipamba nje ni majani matupu na matone ya mvua, na mavuno yote ya mwaka ule nilikuwa nimeyasokota mimi. Nyumba nzima ilikuwa na madonge ya uzi. Nililala pale kitandani nikiyatazama, nikajichukia.

Mavyaa akaondoka. Nikasikia kasha likifunguliwa. Akarudi na ule mfuko.

"Mama," nikasema, "hiyo si ya—"

"Nyamaza. Mimi sifi leo."

Wakamfunika mtoto kwa pamba ya maiti kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu, ukabaki uso tu. Pamba ikilowa, wanaitoa na kutia nyingine. Mavyaa akafungua kanga yake akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akakaa hivyo karibu na chungu cha makaa siku baada ya siku, mimi nikikamua maziwa kwa tone kwenye kijiko. Siku ya saba wanawake walikuja kumnyoa mtoto nywele kama ilivyo ada. Mavyaa hakuinuka.

"Nywele zitangoja," akawaambia. "Mungu ana subira kuliko nyinyi."

Walinung'unika, lakini waliondoka. Mtoto alipotimiza arubaini alikuwa anaweza kunyonya mwenyewe na kulia mpaka jirani wakatusikia. Siku hiyo ndipo aliponyolewa, na siku hiyo ndipo mavyaa aliponirudishia spoku zangu. "Haya," akasema. "Sasa mfumie."

Pamba ile ilikuwa imechafuka yote, ikazikwa. Mfuko ulirudi kashani mtupu. Mimi kwa muda mrefu baada ya pale nilikuwa mtu wa kushtuka shtuka. Nilimwamsha mtoto kila mara nisikie kama ana pumzi, na sikuwa na hamu ya kufuma wala ya kuimba wala ya kula. Nilichokuwa nacho kichwani ni kimoja tu: pamba ya mavyaa.

"Nitakulipa, Mama," nikamwambia.

"Mjukuu na bibi hawadaiani."

"A-a. Dawa ya deni kulipa. Nitakulipa."

Msimu wa pamba ulipofika nilichuma mimi, nikachambua mimi. Nikachagua iliyo nyeupe kabisa, nikakaa barazani na kijiti changu, mtoto amelala kwenye mkeka karibu nami, nikaanza kusokota uzi wa deni langu. Na pale ndipo sauti yangu iliporudi. Nilisikia mtu anaimba, kumbe ni mimi. Mavyaa alikuwa mlangoni kama kawaida yake. Safari hii hakunikosoa.

Uzi ule wa mwaka wa kwanza ulikuwa mnene na mlegevu, mkono ulikuwa bado haujairudia kazi. Niliuviringa donge, nikampelekea kwa mikono miwili. Akalipokea. Akaligeuza, akalitazama kwa muda, nikadhani anatafuta kosa.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Mungu akuweke." Akalitia katika ule mfuko, akafunga kasha.

Mwaka wa pili nikampa donge lililo bora kuliko la kwanza, na mwaka wa tatu bora zaidi. Uzi wangu ukawa mwembamba na mkali, wanawake wakiuona wanauliza ni wa duka gani. Nilikuwa na majivuno, Mungu anisamehe. Nilijiambia hakuna mwanamke pwani yote hii atakayeshonewa sanda kwa uzi kama wa mavyaa wangu. Nikapata watoto wengine wawili, nikawafumia, nikamfumia binti yangu kofia mpya kila kichwa kilipokua, na kila msimu donge la kwanza lilikuwa la kasha. Kila mwaka mavyaa alipokea kwa mikono miwili na maneno yale yale.

Alifariki asubuhi moja ya masika, binti yangu akiwa na miaka mitano. Hakuugua sana. Aliamka kwa sala ya alfajiri, akasema kifua kimemkaza, akajilaza, na jua lilipotoka alikuwa ametutoka. Mtu akatumwa Kwale kumwita mume wangu. Alifika adhuhuri, baiskeli imejaa tope, akaingia akamfunua mamake uso, akatoka akakaa na wanaume nje. Maziko yakapangwa baada ya alasiri.

Bibi mkunga alikuja na wenziwe wawili. Mimi sasa nilikuwa mkazamwana wa marehemu na mwenye nyumba, nikaruhusiwa kuingia. Maji yakatiwa majani ya mkunazi, mwili ukaoshwa. Nikaleta kasha. Bibi mkunga akatoa bafta, akatoa kafuri na marashi, kisha akaufungua ule mfuko. Madonge matano yakaanguka kwenye mkeka.

Akayatazama. Akanitazama.

"Pamba i wapi, mwanangu?"

"Ndiyo hiyo, bibi."

"Huu ni uzi. Mimi nataka pamba. Ya kutia kafuri, nimwekee puani, masikioni, mahali pote panapotakiwa. Uzi nitaufanyia nini?"

Nilielewa pale pale, nimepiga magoti, mikono imelowa. Miaka mitano nilikuwa namlipa kitu asichokihitaji. Mmoja wa wale wenziwe akasema kwa upole kwamba jirani ana pamba ya dukani, iletwe. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka wanaume nje wakanyamaza.

"Wasia wake ni pamba yake. Humu ndani imo pamba yake. Nipeni muda."

Nilitoka na madonge barazani, nikakaa pale nilipokuwa nikisokota, nikaanza kusokotoa. Nilikata uzi vipande vya urefu wa kidole, nikashika kila kipande kwa ncha mbili nikakizungusha kinyume mpaka kikalegea, nikakivuta kikarudi kuwa pamba. Nilianza na donge la mwisho, la uzi wangu mzuri. Halikukubali. Nilikuwa nimelikaza kwa majivuno yangu yote, nyuzi zikawa zinakatika na vidole vinauma, na nilichopata ni vumbi. Nikalia kwa hasira. Nilimlilia mavyaa na nikamkasirikia pia: kwa nini hukuniambia? Ulimi wako wote ule, Mama, kwa hili ukanyamaza?

Kisha nikashika donge la kwanza, lile baya, nene na legevu. Likafunguka lenyewe.

Jirani wakaona, wakaja mmoja mmoja bila kuitwa, wakaketi chini, kila mmoja akachukua mkono wa uzi. Tukawa wanawake saba tunasokotoa na mvua inanyesha. Makasi yakapita mkono kwa mkono. Binti yangu akasimama na sahani ya bati. Kila ikijaa pamba aliipeleka mpaka mlango wa chumba, bibi mkunga akaipokea kwa ndani, akamrudishia tupu. Alikuwa amevaa kofia niliyomfumia. Hakujua kwamba yeye ndiye aliyeimaliza pamba ya kwanza, na mimi sikuwa na kifua cha kumwambia.

Mume wangu akaja chini ya baraza. "Watu wanauliza kama tayari."

"Bado," nikamwambia. "Mama yako anasubiri haki yake. Nao wasubiri."

Akaangalia mikono yetu, akarudi akawaambia wasubiri.

Ilitosha. Haikuzidi hata kidogo, lakini ilitosha. Alipotolewa nje, alasiri ilikuwa imekwisha swaliwa na mvua imepungua. Wanawake tukabaki barazani na vipande vya uzi vimetapakaa kila mahali. Bibi mkunga akatoka ndani akaketi karibu nami, akanyoosha miguu yake iliyovimba.

"Alijua," akaniambia.

"Alijua nini?"

"Kwamba uzi hautafaa. Mwaka wa kwanza ule alinionyesha lile donge. Nikamwambia, mwambie mkazamwana wako, hili si la kazi hii. Akanijia juu! Akasema, 'Umesikia anavyoimba akisokota? Tangu mtoto azaliwe nyumba hii haikuwa na sauti. Mwache. Mimi nitazikwa tu, nitakosa wa kunizika?'" Akajipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Nikamwambia nitakuja kukuosha nikose pamba. Akasema, mwosha naye huoshwa, usinitishe."

Nilicheka, haki ya Mungu, nilicheka kwa sauti siku ya maziko, kisha nikalia mpaka wakanishika.

Kasha lile sasa ni langu. Ndani mna bafta yangu na mfuko ule ule, nao umejaa pamba ambayo haijaguswa na kijiti. Kila msimu naitoa, naianika, naitazama, naitia pale pale. Ya kufumia naisokota mbali.

Msimu uliofuata kufa kwake nilikaa barazani na pamba mapajani, nikasokota kimya. Na mwaka wa pili vile vile, kimya. Sauti ilikataa. Mwaka wa tatu binti yangu alikuwa amekaa mlangoni, pale pale alipokuwa akikaa bibi yake, anachambua mbegu. Uzi ulikuwa unakwenda vizuri. Nikaona mikono yake imesimama, anisikiliza, na ndipo nilipotambua kwamba naimba. Nilitaka kunyamaza. Binti yangu akainamisha kichwa, akaendelea kuchambua pamba yake, akaniacha.